Kuifufua pikapu ya Land Rover 109 kisiwani Pemba: anza na chasisi, injini itasubiri

Pikapu ninayoiendesha leo ilikaa miaka kumi na moja chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu nje kidogo ya Wete. Ni Land Rover 109, Series III, yaani toleo la tatu, ya dizeli. Katika siku zake ilibeba karafuu kutoka mabondeni hadi kituo cha kununulia, ikabeba mchanga na saruji, ikabeba maharusi, ikabeba na jeneza. Mjomba alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho, gari ikabaki pale pale, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Alipofariki, wanawe walitaka kuiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaomba waniachie mimi.

Naandika kwa mtu mwenye gari kama hiyo uani kwake, Pemba au Unguja, anayetaka irudi barabarani ifanye kazi. Nitaanza na jambo lililonigharimu msimu mzima kulijua: kisiwani, gari ni chasisi. Mimi nilianza na injini. Niliishusha, nikaifanyia ovahoo, ikanguruma vizuri kabisa. Wiki ya tatu, kwenye kilima kirefu na mzigo wa karafuu nyuma, kishikio cha springi ya nyuma kiling'oka pamoja na kipande cha chasisi kilichokishika. Nilipotazama palipokatika nikaona kutu iliyopangana tabaka juu ya tabaka kama kurasa za msahafu uliorowa. Chuma chenyewe kilishakwisha zamani, kilichobaki kilikuwa rangi na matope. Ikabidi injini ishuke tena, na kazi yote ianze upya kutoka chini.

Ijue gari yako ilivyoumbwa

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita. Aluminiamu ndiyo iliyopatikana kwa wingi, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na magnesi. Desturi hiyo iliendelea hadi Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Ndiyo maana unaweza kuikuta gari ya miaka arubaini bodi yake haina kutu hata chembe, ukadhani umeokota dhahabu.

Lakini chini ya bodi hiyo kuna chasisi ya chuma cha kawaida, mabati ya unene wa kama milimita 2 yaliyochomelewa yakafanya sanduku refu lenye uwazi ndani. Ukuta wa mbele, unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nao ni chuma. Aluminiamu inapokutana na chuma, na katikati yao kukawa na maji ya chumvi, hupatikana kitu kinachofanya kazi kama betri: aluminiamu huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Chuma nacho, pale rangi ilipobanduka, kinaoza kwa njia yake. Hapa petu pepo zote mbili, kusi na kaskazi, hutoka baharini. Hakuna kijiji cha Pemba kilicho mbali na bahari kiasi cha kuokoka.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, tafuta namba ya chasisi. Kwenye Series III imepigwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia. Isafishe polepole kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usiiguse kwa grenda, kisha ilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa gari ni ya marehemu, kama yangu, mirathi ipite kwanza na warithi wote waridhie kwa maandishi. Gari iliyofufuka huwa na thamani, na thamani huamsha maneno yaliyolala.

Nyundo, chaki na masikio

Pandisha gari juu ya stendi nne imara. Usitegemee jeki peke yake, wala matofali ya mchanga ambayo hupasuka bila kutoa taarifa. Osha chini kote kwa maji na brashi ngumu, acha ikauke siku mbili, kisha lala chini na nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, tochi na chaki.

Gonga kila inchi. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti nzito, butu, kama unagonga kifuu kilichotota. Penye sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa nguvu. Ikizama, zungushia chaki. Usijionee huruma hapa wala usiihurumie gari, kwa sababu tundu usiloliona leo utaliona ukiwa na mzigo.

Sehemu za kutazama zaidi ni hizi. Boriti ya nyuma kabisa, inayoshika kitanda cha mizigo na ndoano ya kuvutia, kwa sababu matairi huirushia matope na inashika maji ndani. Mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba ukuta wa mbele na tangi la mafuta. Vishikio vya springi, vyote. Ncha mbili za mbele zinazobeba bampa. Na mgongo wa chasisi juu ya ekseli ya nyuma, pahala ambapo mkono haufiki na macho hayafiki, udongo umerundikana miaka na kila mvua unanyonya maji na kuyashika. Kwenye gari yangu hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote, na ndipo ambapo mafundi wawili walioikagua kabla yangu hawakupapasa.

Halafu ukuta wa mbele. Inua mikeka ya sakafu, tazama penye miguu ya dereva na abiria, kisha pembe za juu chini ya kioo, na nguzo zinazoshika bawaba za milango. Mlango unaoning'inia mara nyingi tatizo lake ni nguzo iliyokwisha, wala si bawaba.

Ukimaliza, hesabu duara zako za chaki. Zikiwa kwenye mikono, boriti ya nyuma na ncha za mbele, tengeneza. Zikiwa zimetapakaa kwenye nguzo kuu mbili za urefu, pande zote, chasisi hiyo imekwisha na kila kiraka utakachoweka kitashikilia kiraka chengine. Hapo una njia mbili. Chasisi mpya zilizochovywa zinki bado hutengenezwa Uingereza, ni ghali na usafiri wake ni mrefu, lakini ndiyo dawa hasa ya kisiwa. Ya pili ni kutafuta chasisi kuukuu kutoka mikoa mikavu ya bara, Dodoma au Singida, ambako gari huchakaa kwa vumbi badala ya chumvi. Ukichukua njia hii, watu wa usajili wajulishwe kabla hujafunga nati ya kwanza, kwa sababu namba itabadilika.

Kuivua

Nati nyingi za Series III ni za inchi. Tafuta spana za 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Spana ya milimita itaingia, itaonekana inashika, kisha itavinyonyoa vichwa vya bolti kimoja baada ya chengine.

Bolti zilizoganda huhitaji subira kuliko nguvu. Mimi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na tina, nusu kwa nusu, ninadondoshea asubuhi na jioni kwa siku tatu, ninagonga kidogo, kisha ndipo ninajaribu. Mchanganyiko huo unashika moto upesi, kwa hiyo usiutumie siku moja na gesi. Na ukifika pa kutumia gesi, kumbuka aluminiamu haibadiliki rangi inapopata moto. Chuma hukuonya kwa kuwa chekundu, ila aluminiamu itakutazama hivyo hivyo, kisha itaanguka chini imeyeyuka. Karibu na bodi, kata nati kwa grenda na uachane na moto.

Piga picha kwa simu kabla ya kufungua kila kitu, hasa nyaya na paipu za breki. Nati na bolti za kila sehemu zitie kwenye kopo lake la maziwa na uandike juu. Anza na kitanda, kisha kibini, boneti, mabawa ya mbele, halafu injini na giaboksi, mwisho ukuta wa mbele. Kitanda cha 109 kinataka watu wanne. Tangi la mafuta litoke mapema na likae mbali kabisa na pahala pa kuchomelea.

Kuchomelea chasisi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo gari nyingi hufanyiwa kazi mbaya iliyofunikwa kwa rangi nzuri.

Kabla ya kukata chochote, pima. Chagua matundu manne ya bolti yanayolingana, mawili mbele na mawili nyuma, upime mistari miwili inayokatana kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili viwe sawa. Andika vipimo hivyo ukutani kwa chaki na urudie kila siku kabla ya kuondoka. Land Rover 109 imepata jina lake kwa umbali wa inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na umbali huo lazima uwe ule ule kushoto na kulia, la sivyo gari itatembea kwa ubavu kama kaa.

Usikate pande mbili kwa pamoja. Tengeneza upande mmoja, ukamilike, upoe, kisha uhamie wa pili. Na usianze kukata mpaka chasisi imelala sawa juu ya stendi zake.

Kata hadi ufike kwenye chuma kinachong'aa. Mchomeleaji akikwambia ataweka bati juu ya palipooza ili "lishikane", tafuta mchomeleaji mwengine. Chuma kilichooza hakishiki moto, huyeyuka na kuacha tundu kubwa zaidi, na kati ya bati jipya na la zamani maji yatapata chumba cha kulala. Kiraka kiwe cha chuma cha unene wa milimita 3, kimekatwa pembe zake zikiwa duara au kiwe na umbo la almasi. Kiraka cha mraba kilichochomelewa kwa mstari ulionyooka kukata chasisi kutoka juu hadi chini huacha mstari dhaifu, na gari ikibeba mzigo hukatikia hapo hapo.

Kwa mashine ya kawaida ya vijiti, tumia kijiti cha milimita 2.5 na umeme wa ampea kama 60 hadi 80. Choma kidogo kidogo, vidole viwili upande huu, kisha ruka upande wa pili, ukirudi uendelee. Ukichoma mfululizo, joto litavuta chasisi na vipimo vyako ukutani vitakuwa vya gari nyengine. Kama umeme wa kijijini kwenu huyumba jioni, watu wakishawasha taa na friji, chomelea asubuhi. Ikiwa bati unalotumia limechovywa zinki, ondoa zinki kwa grenda kwenye kingo kwanza. Moshi wake humtia mtu homa ya usiku mzima na si wa kupuuzwa. Betri iwe imetolewa, nyaya za alteneta zimefunguliwa, ndoo ya mchanga iko karibu.

Vishikio vya springi usivitengeneze kwa kubuni. Vinunue vipya au vichongwe na mtu wa mashine kwa kufuata cha zamani, kwa sababu pembe yake ikikosea kidogo, ekseli nzima itakaa upande.

Ngama ya gari

Jirani yetu ni fundi wa majahazi. Siku moja alikuja kutazama kazi, akaingiza kidole kwenye tundu la chasisi, akatoa tope jeusi, akaniuliza: "Mwanangu, hii ngama yako huifua lini?" Nikamjibu, "Baba, sikujua kama ina ngama." Akanieleza kuwa chombo wanakipaka sifa, yaani mafuta ya papa, nje, kalafati ya kuziba mianya wanatia, deheni ya mafuta na chokaa wanapaka chini, lakini ngama, yaani maji yanayotuama ndani, yasipotolewa, mbao huanzia kuoza huko. Chasisi ya Land Rover ni vile vile. Ina matundu ya kutolea maji chini yake, na karibu kila gari niliyoikagua matundu hayo yamezibwa na tope.

Kwa hiyo: zibua kila tundu kwa waya. Ingiza mpira wa maji kutoka mbele, sukuma mpaka maji yanayotoka nyuma yawe meupe. Ni kazi ya siku nzima, na wingi wa udongo utakaotoka utakushangaza. Yawe maji matamu. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na ukiosha chasisi kwa maji hayo umeitilia sumu kwa mkono wako. Onja kwanza. Kama hayafai, subiri maji ya mvua ya paa.

Acha ikauke kwa siku kadhaa za jua. Kazi hii, na ya rangi, ifanye wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa na nafuu. Masika usijaribu.

Nje, sugua kwa brashi ya waya na msasa, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, fuata maelezo ya kopo, osha, kausha. Kisha praima ya zinki makoti mawili na rangi ngumu ya epoksi juu yake. Chuma kilichosuguliwa kisilale bila praima. Kikilala usiku mmoja tu, asubuhi utakikuta kimeshaanza kuwa na rangi ya chungwa. Puti isiguse chasisi kabisa, hata kidogo.

Ndani, rangi haifiki. Hapo napuliza mchanganyiko wa grisi sehemu moja na oili mpya sehemu mbili, uliopashwa kwa kuweka kopo ndani ya maji ya moto, mbali na jiko. Unaingizwa kwa bomba la kupulizia lenye mrija mrefu kupitia kila tundu. Mafundi wengi hupuliza oili chafu ya injini. Siipendi. Inaharibu mipira, na inadondoka kwenye ardhi ile ile tunayochimba visima.

Springi, ekseli na breki

Springi za majani zifunguliwe kipande kwa kipande, zisuguliwe, zipakwe grisi, zifungwe na bushi mpya na yu-bolti mpya. Yu-bolti za zamani zimeshavutika, usizirudishe. Kama gari haitabeba mizigo mizito sana, kuna springi za majani machache yaliyochongwa kwa upinde, nyepesi na laini zaidi. Kwa gari ya karafuu na mchanga mimi nimebaki na za asili.

Fungua mafuta ya difu mbele na nyuma. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi sababu ni kipumulio kilichoziba juu ya ekseli: ekseli ikiwa ya moto ukaipitisha kwenye maji, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Badilisha sili, tia oili ya EP90, na hapo hapo funga vipumulio virefu, mpira mwembamba kutoka ekseli hadi juu ndani ya boneti. Ni nyongeza ya bei ndogo, na kwa njia zetu za mabondeni ni ya lazima.

Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma linalong'aa, ambalo sili yake huzungukia unapokata kona. Likiwa na vishimo vya kutu, kila sili mpya utakayoweka itachanika ndani ya wiki chache. Nunua tufe jipya na usipoteze pesa kwa sili.

Breki sasa. Zote nne ni za drami, inchi 11. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitupe. Masta silinda na wili silinda weka mpya. Za kubadilisha mipira tu hazidumu, kwa sababu kuta zake zimeshaliwa na unyevu. Paipu za chuma zitupe zote, weka za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo chumvi haiziwezi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima: nunua chupa ndogo, uimalize, na ubadilishe mafuta yote kila miaka miwili.

Kutoa upepo kwenye breki za 109 huwashinda wengi. Kanyagio linabaki laini hata ukitoa upepo siku nzima. Kaza virekebishio vya breki shuu mpaka magurudumu yashike kabisa, ndipo utoe upepo, ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Ukishamaliza, legeza hadi gurudumu lizunguke huru. Kama gari yako haina servo, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, ifunge sasa, na masta silinda ya njia mbili, ili paipu moja ikipasuka breki za njia ya pili zibaki.

Breki ya mkono ya gari hii haishiki magurudumu, inashika propela nyuma ya giaboksi. Ivute gari ikiwa imesimama tu.

Injini: kubaki au kubadilisha

Injini ya asili ni ya sentimita za ujazo 2,286. Ya dizeli inatoa nguvu za farasi kama 62, polepole, na ukiitunza inadumu. Zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1980 zina beringi tano za krenki badala ya tatu na ndizo imara zaidi. Kwa barabara za Pemba, ambapo vilima ni vingi na mwendo ni mdogo, inatosha. Rekebisha nafasi ya vali kuwa milimita 0.25, zote. Peleka nozo na pampu kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Safisha rejeta, tia thamostati mpya. Wapo wanaoitoa thamostati wakidhani nchi ya joto haiihitaji, na injini yao inatembea baridi, inakula dizeli na kuchakaa.

Anayetaka nguvu zaidi, injini inayoingia kwa taabu ndogo ni 200Tdi ya Land Rover wenyewe, iliyotoka mwaka 1989 kwenye Discovery: sentimita za ujazo 2,495, turbo, nguvu za farasi kama 111. Inafungika kwenye giaboksi ya zamani kwa sababu mpangilio wa bolti ni ule ule. Ukiweza kuchagua, chukua iliyotoka kwenye Defender, turbo yake imekaa juu. Ile ya Discovery turbo iko chini na hugombana na chasisi, utalazimika kubadilisha manifoldi. Badilisha mkanda wa taiming kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya. Na usiifunge kabisa kabla breki hazijakamilika. Gari iliyozoea nguvu 62 ikipewa 111 na breki za zamani, itamuua mtu kwenye mteremko.

Spea za Land Rover huku kwetu ni chache. Mimi hufanya orodha ndefu, kisha nakwenda Dar es Salaam mara moja, Gerezani na Kariakoo, na kifaa cha zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi: sili mbili zinazofanana pichani zinaweza kupishana milimita moja, na kurudi tena ni safari ya bahari.

Fowili

Gari hii inavuta kwa magurudumu ya nyuma mpaka uitake yote manne. Kirungu cha njano ukikibonyeza chini kinaunganisha magurudumu ya mbele. Kirungu chekundu ni cha gia nzito. Miaka ya kusimama hugandisha viungo vyake chini, kwa hiyo paka grisi na uvichezeshe mpaka viende kwa mkono mmoja. Fowili ni ya tope, mchanga na utelezi. Kwenye lami kavu usiiweke: ukikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti, na kwa kuwa lami hairuhusu tairi kuteleza, mzigo huo unabebwa na propela na giaboksi hadi kimoja kikatike. Matairi ya asili ni 7.50-16, membamba, na kwenye udongo mwekundu wa masika huchimba hadi kufika pagumu. Mapana yanapendeza macho, lakini huelea juu ya utelezi.

Umeme

Matatizo mengi ya umeme wa gari hizi ni earth, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari. Taa inafifia, stata inavuta kivivu, fundi anauza alteneta mpya bure. Funga nyaya nene mpya tatu: betri hadi chasisi, chasisi hadi injini, chasisi hadi ukuta wa mbele. Safisha chuma kinapokutana na waya, kaza, kisha paka grisi juu yake. Fyuzi za asili ni chache mno, ongeza sanduku la fyuzi na relei za taa kubwa. Taa za duara za inchi 7 zenye balbu za halojeni H4 zinaingia pahala pale pale.

Bodi

Aluminiamu iliyopinda imeshakuwa ngumu, ukiigonga hivyo hivyo itapasuka. Chukua sabuni ya mche, ipake juu ya bati, pasha kwa moto mdogo wa gesi mpaka sabuni iwe ya kahawia iliyokolea, uondoe moto. Ikipoa, bati limelainika na utalinyoosha kwa nyundo ya mbao. Sabuni ndiyo kipimo chako, kwa kuwa bati lenyewe, kama nilivyosema, halikuonyi.

Popote bodi inapokalia chuma, weka kipande cha mpira au nailoni katikati, na kingo zizibwe kwa silanti kama mtu anayetia kalafati, bila kuacha mwanya. Ripiti ziwe za aluminiamu. Bolti ziwe zilizochovywa zinki na kupakwa grisi. Praima ya aluminiamu ni tofauti na ya chuma, na ukiikosea rangi itabanduka kama maganda.

Kilomita za mwanzo, na baada yake

Baada ya kilomita 50 kaza tena yu-bolti na nati za magurudumu. Baada ya 500 badilisha oili ya injini, rekebisha breki shuu, tazama kila mshono wa kuchomelea kwa tochi, ukitafuta ufa mwembamba kwenye rangi. Baada ya 1,000 rudia vali na yu-bolti.

Kisha mzigo. Karafuu kavu hazina neno na gari. Mwani mbichi ndio adui, maana unadondosha maji ya bahari saa nzima ya safari, yanapita kwenye kila mwanya wa kitanda na kuangukia mgongo ule wa chasisi juu ya ekseli. Mimi natandika turubai lililoinuliwa kingo, na magunia yanachuruzika pwani kwanza kabla ya kupakiwa. Jioni ile ile, hata kama nimechoka, nalala chini ya gari na mpira wa maji, ninaanza na mgongo huo, kisha boriti ya nyuma, kisha nachokoa matundu ya ngama kwa waya mpaka maji yadondoke yakiwa safi, na nayaonja.